Swali la Kuhema

"Kazi nzito ni ile inayokufanya uheme," mtafiti alisoma kwenye karatasi yake. "Haya bibi, siku saba zilizopita, ni siku ngapi umefanya kazi nzito?"

Bi Ngazi aliendelea kukamua tambara. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipiga deki ngazi za jengo lile, ghorofa nne, na wapangaji waliapa kwamba vidato vikisikia kikohozi chake hujipangusa vyenyewe. Juzi msimamizi wa jengo alimwambia, macho kayatupa pembeni, kuwa mwezi ujao "tutatazama nani bado anajiweza." Leo huyu hapa, binti mwenye kalamu na tabasamu. Mgeni wa bure huyo, au katumwa?

"Sijahema," alijibu. "Mara ya mwisho kuhema, baba yako hajaota ndevu."

Mtafiti akacheka, akaandika. "Na swali lenyewe umelielewaje?"

Bi Ngazi akaliacha tambara. "Uulize wewe, halafu nikueleze mimi ulichouliza? Mwanangu, aliyekutuma hakukwambia?"

"Maswali haya yalitungiwa watu wengine, bibi, wa kukimbia viwanjani na baiskeli za starehe. Tunayarekebisha yawafae wazee wetu. Hata msimamizi nimemweleza hivyo hivyo."

"Ahaa. Kumbe mmeshaongea."

"Alinifungulia geti tu."

"Geti lina mdomo mpana siku hizi."

Mtafiti akashusha pumzi. "Sasa, kama huhemi, karatasi inataka niandike kazi yako ni nyepesi."

Nyepesi! Neno lile lilimchoma kuliko kuitwa mzee. Akaikamata ndoo, imejaa pomoni, akashika njia ya juu bila kugusa ukuta. "Nifuate. Kalamu usiiache."

Ghorofa ya pili, mtafiti alikuwa bado akiuliza. Ya tatu, maswali yalikatika. Ya nne alijitupa kwenye reli ya ngazi, mdomo wazi kama samaki nchi kavu.

"Nani anahema?" aliuliza Bi Ngazi.

"Mi... mimi."

"Basi andika: mtafiti, kazi nzito, siku moja."

Binti alicheka hadi machozi. Kisha akalikata lile swali kwa mstari. Pembeni akaandika: *ndoo ya maji, ghorofa nne, mara ngapi kwa siku?* "Swali ndilo bovu, bibi. Si wewe. Ahsante sana."

Akateremka. Bi Ngazi alibaki amefumba mdomo, kifua kikiwaka, akihesabu nyayo zile zikishuka: ya tatu, ya pili, ya kwanza. Zifike getini tu, apumue.

Hazikufika. Chini kabisa zilisimama, na sauti ya msimamizi ikapanda, "Ehe, vipi yule bibi?"

Jengo lile halifichi kitu. Hata mguno wa ghorofa ya nne huanguka mpaka sakafuni. Bi Ngazi alijibana tambara bichi mdomoni, akainama polepole juu ya reli, akatega sikio.