L ya Mzee Hatungimana

Evaristi alimaliza kidato cha nne akapata alichokipata, tusiulizane. Jembe la nyumbani kwao Busunzu likawa linamsubiri pembeni ya mlango. Ndipo Bi Mwamvua, mama wa Kitanga mwenye stationery jirani na stendi ya Kibondo, akamchukua akae kwenye kompyuta mwezi mmoja wa majaribio. Akiweza, anabaki. Akiharibu, jembe.

Basi dogo akawaka moto. Akaprinti kutoka mtandaoni orodha ya maneno ya kazi, fonti, leya, kropu, marjini, resolusheni, akaibandika ukutani akawa anaikariri kama sala. Wiki ya pili tu, hata mtu akija kutoa kopi ya cheti cha ubatizo anaulizwa kwa sura kavu, "Marjini tuache ngapi?"

Bi Mwamvua alimpa sharti moja.

"Evaristi mwanangu, kazi yoyote yenye R au L nisome mimi kwanza. Nyie Waha masikio yenu hayazitofautishi."

"Sasa Bi Mwamvua, kazi gani haina R wala L?"

"Ndiyo ujue nataka kusoma zote."

Sasa Desemba ile ya 2014, uchaguzi wa vijiji umepamba moto, Bi Mwamvua kaenda Kasulu kufuata wino, nani anaingia dukani? Mzee Hatungimana wa Kumsenga. Mhudumu mstaafu wa zahanati, tumbo limetangulia, miwani inaning'inia kwenye kamba. Anagombea uenyekiti wa kijiji. Anataka mabango mia mbili, na anayataka leo, kwa sababu kesho ana mkutano.

Mia mbili! Tangu Evaristi akae pale, kazi yake kubwa ilikuwa ratiba ya mazoezi ya kwaya. Lile sharti likamtoka kichwani kama moshi.

Mzee akatoa picha yake. Ilipigwa kwenye harusi ya binti yake, ameshika sahani ya pilau mkononi.

"Mzee, hii picha resolusheni yake ndogo, itatoka na ukungu."

"Maazimio nitayatoa mwenyewe mkutanoni. Wewe weka picha."

"Sawa. Halafu pembeni tunaacha bleed kidogo."

Mzee akaivaa miwani amtazame vizuri. "Bleed? Kijana, nimefunga vidonda miaka thelathini. Kwenye kampeni yangu sitaki damu."

"Siyo damu, Mzee. Ni rangi inapita ukingo wa karatasi, ukikata pasibaki weupe."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Evaristi akaingia kazini. Sahani ya pilau akaifuta, maana mgombea hawezi kuonekana na sahani. Shavu la kulia lilibaki limetuna, pilau imo ndani, ila hilo halikuwa na dawa.

"Maneno, Mzee?"

"Chagua Hatungimana. Naomba kura yako. Halafu chini uweke mkutano wa hadhara."

"Neno kubwa liwe lipi?"

"Hilo la kuomba. Mtu akiwa mbali alione."

Alione! Evaristi akachagua fonti nene kuliko zote, nyekundu, ukingo hadi ukingo: NAOMBA KULA. Lile "yako" akalisogeza chini, dogo kama sisimizi, kwa sababu alisoma mahali kwamba macho yanataka kitu kimoja tu.

Akatoa karatasi moja. "Hii inaitwa pruf, Mzee. Unaisoma, ukiridhika unasaini, ndiyo natoa zote."

Mzee akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata. Alipofika pale penyewe, ulimi wake ukapita katikati, si R si L, na sikio la Evaristi likapokea hivyohivyo.

"Safi sana," Mzee akasema, akasaini kwa madaha.

Evaristi akaunganisha leya zote, yaani matabaka ya picha na maneno, zikawa moja zisizotenganishika tena, akasevu, mashine ikaanza kutema karatasi.

Kesho yake asubuhi Bi Mwamvua akarudi na wino wake. Akaikuta ile pruf mezani. Akaitazama. Akakaa.

"Evaristi. Huyu mzee ana njaa?"

Evaristi akasogea, akatazama, akatazama tena. Ndipo akaiona. "Ni fonti hiyo, Bi Mwamvua. R zake ndivyo zilivyo."

"Na hii R ya MKUTANO WA HADHARA, mbona imesimama kama R?"

Evaristi akaigeuza pruf uso chini.

"Panda pikipiki, nenda Kumsenga ukamwambie mwenyewe kwa mdomo wako huo. Akikusamehe, rudi hapa. Asipokusamehe, njia ya Busunzu unaijua."

Njia nzima mabango yalikuwa yanamcheka. Kwenye mlango wa mashine ya kusaga, bango. Chini yake mtu kaandika kwa mkaa, "Karibu ugali." Mbele kidogo, Mzee kachorewa kijiko. Na kufika uwanjani, watu wa mgombea mwenzake wameleta beseni la maharage ya moto wakaliweka kwenye meza ya Mzee, wanacheka hadi wanashikana mabega. Mzee kakaa, haelewi.

Evaristi akamwinamia sikioni. "Mzee, nisamehe. Kosa ni langu. Nimeweka L, ilitakiwa R."

"R ipi?"

"Ya kula."

"Si ndiyo uliyoiandika?"

"Nimeandika kula, Mzee. Ilitakiwa kula."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Evaristi akaona hapa mdomo haufai. Akachukua kijiko, akachota maharage, akayatia kinywani, akatafuna, akaonyesha bango. Mzee akayatazama maharage. Akalitazama bango, na lile shavu lake limetuna. Evaristi akaanza kulihisi jembe begani.

Mzee akasimama.

"Mwidiwe!" akawasalimu kwa Kiha.

Wakaitikia huku wanacheka.

"Naambiwa nimeomba kula." Kicheko kikazidi. Akasubiri kipoe. "Ni kweli, nimeomba. Sasa niambieni nyie. Bati za shule zililiwa. Mbolea ikaliwa. Kuna aliyemsikia hata mmoja wa walaji hao akiomba?"

Uwanja ukapasuka. Kina mama wakapiga vigelegele, hata yule aliyebeba beseni akachuchumaa kwa kicheko. Mzee akachota kijiko kimoja, akatafuna taratibu. "Chumvi imepungua," akasema. "Asanteni."

Evaristi aliporudi Kibondo, simu ya Mzee ilikuwa imeshatangulia.

"Anataka mia nyingine," Bi Mwamvua akasema. "L ibaki vilevile. Na sahani yake ya pilau irudi."

"Hairudi, Bi Mwamvua. Niliunganisha leya. Na ile picha ya harusi kaondoka nayo mwenyewe."

Bi Mwamvua akaitazama orodha ukutani, akamtazama mwenye orodha, akaingia ndani. Akatoka na sahani yake ya maua, wali wa nazi juu, akaiweka mezani penye mwanga.

"Ipige picha sahani hii, umshikishe Mzee mkononi. Ila kwanza sema kura."

Evaristi akasema.

"Sema kula."

Akasema.

Bi Mwamvua akashusha pumzi. "Umesema neno moja mara mbili. Haya, piga picha. Na mabango haya nasoma mimi. Ukimaliza, hicho chakula ni chako."