Matundu Mawili katika Kabati la Ukoo

Kompyuta ya kwanza ya Uwera niliiua mimi. Ninalisema mwenyewe mapema, kabla majirani hawajanisemea.

Niliiua kwa kitambaa. Sisi wanawake wa mjini hapa Gisenyi, kitu chochote cha thamani kikiingia nyumbani tunakivalisha. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa gesi niliufumia kofia ya rangi ya waridi. Sasa binti yangu analeta sanduku jeusi linalonguruma, niliache uchi mbele ya wageni? Nikalifunika kwa kitambaa changu cha kudarizi, kile chenye tausi wawili, nikakibana pembe zote kisidondoke. Uwera alikuwa ameliacha linafanya kazi, yeye ameenda Rugerero kupiga picha za harusi. Aliporudi, tausi walinuka moshi na sanduku lilikuwa limekata roho.

"Mama," akaniambia, "ile mashini inapumua."

"Ungenijulisha. Mutu akiingia kwangu anasema jina lake, na kama iko na pumu anasema pia."

Hakucheka. Siku tatu hakucheka, na Uwera ni mtu wa kucheka. Kazi yake ni kuunga picha za harusi mpaka ziwe filamu, na bila mashine yeye ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye kamera shingoni, basi. Akahangaika mpaka akapata nyingine, iliyokwisha kutumika, na hiyo ya pili ilikuwa na joto kuliko marehemu. Ukiiweka sakafuni inakula vumbi, na vumbi letu ni jeusi, limetoka kwenye mlima wa moto, lina meno. Ukiiweka mezani, meza kubwa ni moja na tunalia chakula hapo. Palibaki mahali pamoja tu: ndani ya kabati.

Kabati lenyewe lililetwa kwa lori kutoka Bukavu na baba mkwe wangu, mfanyabiashara wa nguo. Ni mbao ya libuyu, nyekundu, ina milango miwili iliyochongwa maua na kufuli ya shaba. Katika ukoo wa mume wangu, mtoto wa kiume wa kwanza kuoa katika kila kizazi, kabati hilo linaingia kwa bibi harusi wake. Tena liingie zima. Likiwa na ufa, likiwa na mkwaruzo wa kucha tu, haliingii, maana wanasema ndoa nayo itapasuka. Mimi niliingia nalo, maana mume wangu alioa kabla ya kaka yake. Miaka arobaini na moja nimelipaka mafuta. Mume wangu Sulaiman alifariki mwaka juzi, na Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Uwera.

Basi Hakimu, kaka mkubwa wa Sulaiman, akaja Ijumaa baada ya swala. Akakaa kwenye kiti kikubwa chenye mito, akanywa chai yangu vikombe viwili, ndipo akafungua mdomo.

"Shemeji, Latif wangu anaoa mwezi ujao. Jumamosi ya wiki ijayo nitaleta vijana wabebe kabati."

"Kabati gani?"

"Usinifanye mutoto, shemeji. Hii hapa. Nyumba hii haina mutoto wa kiume."

"Iko na mutoto."

"Wa kiume, nimesema."

"Na mi nimesema iko na mutoto."

Akatabasamu kama mtu anayemngoja mbuzi amalize kulia. Alipoondoka alilipapasa kabati mgongoni. "Ulichunge, shemeji. Lisipate mukwaruzo."

Ningeweza kwenda kwa viongozi wa mtaa, wa mudugudu wetu. Sheria ya nchi inajua kwamba binti ni mtoto, hata kama Hakimu hajasikia. Lakini ukimshtaki Hakimu anavaa koti, anaongea kwa sauti nzito, anafurahi. Sikutaka kumpa furaha hiyo. Halafu dawa alikuwa amekwisha kunipa kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumatatu nilipanda pikipiki mpaka Mahoko nikamleta Bahizi, seremala. Alipoliona kabati alivua kofia.

"Maman Uwera, nilipake verni, ling'ae?"

"Nataka ulitoboe."

"Nilitoboe?"

"Hapa chini mlangoni, ukubwa wa sahani. Na pale juu ubavuni, sahani nyingine."

"Maman, hii ni libuyu! Mbao kama hii utaipata wapi tena? Na muzee Hakimu ananijua. Mi siwezi, nihurumie."

Sikubishana. Nilichukua kipande cha mkaa jikoni, nikabandika sahani ya pilau juu ya ua la mlango, nikachora duara. Kisha nikashika msumeno wake na kuanza kukata vibaya kabisa, nikiutikisa kama mtu anayefukuza nzi. Bahizi alivumilia mara nne. Ya tano akaruka.

"Bon, bon, lete! Unaliumiza!"

Nilijua. Bahizi angeweza kuikataa kazi, ila hakuweza kusimama akaitazama ikiharibiwa.

Matundu yalipokwisha alitaka kuweka rafu mpya ya ubao mzima chini ya mashine, imara, ya kujivunia. Hapo elimu yangu ya darasa la sita ilikoma, ikaanza ile ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Miaka thelathini nimeanika sambaza kando ya ziwa. Ukizitandaza juu ya ubao, mgongo unakauka na tumbo linaoza. Unaziweka juu ya wavu ulioinuliwa, hewa ipite chini yake. Nikamwambia Bahizi apigilie fito nyembamba zilizoachana upana wa kidole, juu yake nikatandika kipande cha wavu wangu wa zamani. Tundu la mlangoni tukalipigilia chandarua cha kuzuia vumbi. Kwenye tundu la juu Uwera akafunga feni ndogo, uso umeangalia nje.

"Si ingeangalia ndani, ipoze?" Bahizi akauliza.

"Jikoni kwako moshi mnausukuma urudi ndani?" nikamuuliza.

Hakuamini. Nikaleta chetezo, nikachoma ubani, nikakiweka mbele ya tundu la chini. Moshi ulisita kama mgeni asiyejua kama amealikwa, kisha ukaingia. Tukangoja. Ukatokea juu ubavuni, umenyooka, ukaelekea moja kwa moja kwenye kiti kikubwa chenye mito.

"Nikisogeze kiti?" Bahizi akauliza.

"Kiache. Mwenyewe anakuja Jumamosi."

Jumamosi akaja kweli, pamoja na mkewe Mukamazimpaka na vijana watatu wenye kamba. Uwera alikuwa ameiwasha mashine tangu alfajiri na kuipa kazi nzito kuliko zote, harusi ya siku tatu yenye ngoma. Mbele ya mlango wa kabati niliweka meza ndogo ya chai, nafasi kidogo kati yake na mlango, tundu lisionekane na hewa ipite.

Hakimu akakaa kitini pake. Kikombe cha kwanza, akajipangusa paji la uso.

"Leo iko joto."

"Mvua inakuja," nikasema.

Kikombe cha pili, akafungua vifungo viwili vya kanzu, akavua kofia. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ndevu. Mukamazimpaka alimtazama kwa wasiwasi.

"Baba Latif, uko na homa?"

"Sina homa! Mbona we hutoki jasho?"

"Pengine kuna kitu kinamuchoma rohoni," nikasema, nikamwongezea chai. Uwera alikimbilia jikoni, mkono mdomoni.

Hakimu akasimama kwa hasira. "Vijana, bebeni!"

Wakaondoa meza ndogo. Wote wakaliona tundu, duara safi katikati ya ua, na ndani yake vitaa vya buluu vikikonyeza.

Hakimu aliinama, akachungulia ndani.

"Nani amefanya hii?"

"Mi mwenyewe."

"Umeua kabati ya baba!"

Uwera alitoka jikoni, akafungua milango yote miwili. Mashine ilikaa juu ya fito zake, imetulia. "Halijafa, baba mkubwa. Ndiyo kwanza linapumua. Gusa."

Hakimu hakugusa. Mukamazimpaka aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima, akavua mtandio wake akautandaza juu ya tundu la ubavuni. "Tufunike kwanza, watu wasione."

"Toa!" mimi na Uwera tukapiga kelele pamoja.

Feni ilikwisha kuvuta ncha ya mtandio, ikaanza kulia. Niliruka kwa miguu yangu hii ya miaka hamsini na tisa, nikauchomoa. Ulitoka umechanika pembeni.

"Nyumba hii hatufuniki tena kitu kinachofanya kazi," nikamwambia. "Mi nilifunika, nikaua. Mutandio nitakununulia mwingine."

Hakimu alikuwa amekwisha kupata akili. "Bon. Fundi ataziba. Ubao huohuo, verni juu, hakuna atakayejua. Bebeni."

Hapo niliogopa, siwezi kudanganya. Wale vijana walikuwa na mikono kama ya kubeba nyumba. Lakini sikusogea mbele ya kabati, nilisogea pembeni, nikawapa njia.

"Bebeni," nikasema. "Kamba munayo. Ila shemeji, utaziba mbao, macho ya hawa vijana utayaziba na nini? Kesho ni soko, kesho kutwa wakwe zako watajua binti yao ameletewa kabati yenye viraka. Si ni nyinyi mulinifundisha kwamba hata mukwaruzo hauingii kwa bibi harusi? Mi nilikuwa na miaka kumi na nane, nikaamini."

Kijana mmoja akakohoa. Hakimu alimtazama mkewe amsaidie, na Mukamazimpaka alikuwa akikunja mtandio wake uliochanika, polepole, bila kumtazama.

"Mi sipeleki kitu chenye tundu kwa muke wa mutoto wangu," mkewe akasema. "Latif tutamununulia jipya."

Wale vijana wakaanza kukunja kamba bila kuambiwa.

Hakimu akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka, kidole juu. "Haijaisha. Baba alisema hii kabati inaenda kwa mutoto anayebeba jina la nyumba."

"Imeenda. Huyo hapo, umusalimie."

"Nitaita ukoo, shemeji! Mukutano, hapahapa, kwa hii nyumba yako!"

"Ita, shemeji. Viti ninavyo sita," nikasema. "Kile chenye mito hatakikalia mutu mwingine, nakuwekea wewe."