Posa Ndani ya Kasha la Kompyuta

Niliota jana usiku nimealikwa posa ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, nami nimevaa kanzu.

Hiyo kompyuta kwanza muijue. Kasha lake nimeliunda kwa mikono yangu, uani kwetu Chumbageni, kwa mbao za msaji za kitanda kilichovunjika. Nimelichonga maua ubavuni, nikalipiga misumari ya shaba, likapendeza kama sanduku la bi harusi. Ndani nimetandika sponji la godoro, na feni nimeikalisha juu ya vipande vya ndala isije ikatetemesha mbao. Uani liliwaka kimya, nikacheka peke yangu. Tulipoliingiza sebuleni likaanza kuvuma. Nikaongeza sponji, nalo likaongeza sauti.

"Mbwana, mwanangu," Shangazi Mwanjaa aliniambia jana, "Jumamosi wanakuja wageni wa posa ya Siwatu. Siku hiyo sebuleni kwangu wanasema wazee tu. Hilo sanduku lako likisema, linakwenda kulala na mbuzi."

Siwatu ni bintiye. Mbuzi wake nawajua, hawachagui chakula, na waya kwao ni mboga. Nililala roho juu.

Basi ndotoni nabisha hodi kwenye ua moja la nakshi ubavuni mwa kasha. Linafunguka, naingia. Ndani ni sebule yetu ileile, ila kapeti ni sponji. Ubao wa kichwani wa kile kitanda umekaa kochini unapiga miayo.

"Karibu," unaniambia. "Sema polepole. Mimi nimezoea watu waliolala."

"Naomba kujua nani anapiga kelele humu."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," unajibu, unafumba macho.

Jibu naliona la busara, nashukuru.

Kuna kanuni ya kasha lolote la kompyuta: hewa baridi iingie mbele, hewa ya moto itoke nyuma. Humu kanuni inafuatwa kwa adabu. Hewa baridi wanabisha mlango wa mbele, wanavua viatu, wanaulizia afya za watoto, wanapewa kahawa. Wakishaimaliza wanapata moto, wanaaga, wanaelekea mlango wa nyuma. Ila huko hawatoki. Wamebanana, kanzu zimelowa jasho, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie yeye. Feni, ambaye ndiye mshenga, anawasukuma kwa mabega huku anavuma nyumba nzima isikie.

"Bwana Feni," namwambia, "unaniaibisha. Jumamosi tuna posa."

"Mimi sipigi kelele," anasema kwa heshima, bila kuacha kuzunguka. "Naomba msaada. Sauti niliyopewa ndiyo hii moja."

Siku zote hizo nimekuwa nikimziba mdomo mtu anayeita watu waje kumsaidia! Nataka kumkumbatia, lakini ana mapanga, kwa hiyo nampa mkono wa mbali. Vipande vya ndala vinaniomba ruhusa kwenda bafuni kutafuta wenzao wa kushoto. Naviambia vivumilie hadi posa ipite.

Sasa si sebuleni tena. Ni uwanja wa mpira, jua kali, na wageni wote wenye jasho wamenasa kwenye wavu wa goli. Wavu ni mwekundu, una maua meupe pembeni. Nausogelea. Huu ni mkono wa Shangazi.

Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma, jagi lina chake, makochi usiseme. Siku kasha lilipoingia sebuleni Shangazi alilivika kitambaa kipya chekundu, kikaning'inia mpaka mgongoni. Nami nikamshukuru kwa kulikubali.

Natoa mkasi kwenye kanzu. Ubao wa kitanda, ambao sasa ni refa, unapuliza filimbi.

"Kitambaa cha mwenye nyumba hakikatwi," unasema. "Huombwa."

Naficha mkasi, napiga magoti kwenye nyasi. "Shangazi, naomba wageni wapite."

"Ungesema mapema, mwanangu," wavu unajibu, na sauti ni yake kabisa. "Mimi nilidhani kinaona baridi."

Wavu unajikunja. Hewa ya moto wanatoka mmoja mmoja, wanavaa viatu, wanashukuru kwa kahawa. Feni anapunguza mwendo, anavuta pumzi. Kimya kinatanda, hata namsikia kunguni akikohoa. Furaha inanizidi, napiga kigelegele, na kigelegele changu ndicho kinachoniamsha.

Palikuwa pamekucha. Nilikimbilia sebuleni. Kasha lilikuwa linawaka, taa yake ya kijani inaonekana, na halitoi hata mnong'ono. Shangazi alikuwa mkekani, sindano ya kufumia mkononi, kile kitambaa chekundu mapajani. Sehemu ya mgongoni alikuwa ameifumua, na sasa anazungushia maua meupe tundu la duara.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo unipimie, tundu lilingane na feni."

Nilikaa chini mkekani. "Nani kakwambia tatizo ni kitambaa?"

Alikata uzi kwa meno, akanitazama kama mtu anayetaniwa kabla ya chai.

"Si wewe mwenyewe uliyeniomba? Umevaa kanzu, umepiga magoti, mbele ya watu wote wale wanaotoka jasho. Ningekukatalia?"

Nikaenda kutafuta futi.