Maua Hayajaisha

Kitovu cha mtoto hakijakauka, mama alikuwa ameshaamua: mjukuu wake wa nne wa kike ataitwa Yetar. Kwetu Marghilan maana yake ni "imetosha". Binti hupewa jina hilo ili wasichana wakome, mvulana apate njia. Mimi ndiye Yetar wa kwanza wa nyumba hii, na baada yangu akazaliwa Farruh, baba wa mtoto. Basi mama huapa kwamba jina lilifanya kazi. Mimi lilinifanya nini, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Lola, Binafsha, Savsan," mama alihesabu huku akikata karoti za pilau. "Maua matupu! Bustani imejaa. Sasa nataka mti."

"Mama, ni ndugu, majina yao yafanane," wifi yangu Mohira alisema kitandani. "Huyu nilitaka awe Sumbul. Nalo ni ua."

"Zaa mvulana kwanza, ndipo uchague!"

Mohira akajifunika shela usoni, akalia. Farruh akatazama bakuli lake la chai, bwege mkubwa. Nikawaka.

Baba akampakata mtoto, akaelekea kibla, akamwadhinia. Kisha akainama sikioni kulitaja jina, ambalo hutajwa mara tatu.

"Jina lako Yetar."

"Labeka!" nikaitika.

Farruh akapaliwa na chai.

"Wee, una wazimu?" mama akafoka. "Anaitwa mtoto!"

"Jina lako Yetar," baba akarudia.

"Labeka, baba. Nipo, sijafa."

Baba akainua kichwa. "Mwanangu, una nini leo?"

"Nimechoka. Shuleni nikiomba mkate, wenzangu hucheka: wewe si umetosha? Siku ya harusi yangu mama mkwe akaniuliza kama nimekuja kuwafungia uzazi. Jina hili nimelibeba na nitazikwa nalo. Mtoto simpi!"

Baba akanitazama, macho yamelowa. Ndiye aliyenipa jina hilo. Kisha akamgeukia Mohira.

"Mkwe wangu, umesema nani?"

"Sumbul, baba."

Akalitaja mara tatu, taratibu, na safari hii sikuitika.

Mama akatupa kisu kwenye karoti. "Haya! Mlango mmeuacha wazi. Atakuja wa kike wa tano, mtaniambia!"

"Aje," nikamjibu. "Maua hayajaisha."