Bwana Pellow Asoma Kitabu Chake

Ambrose Pellow alikuwa mwoga, na woga wake ndio uliompa ulaji. Mwaka ule wa 1908, wanawake wa Bolton, mji wake wa viwanda vya nguo, walipodai haki ya kupiga kura alikosa usingizi; wafumaji waliposema viwanda viwe mali ya umma, jasho likamtoka. Basi akaandika hadithi ya Uingereza ya miaka mia ijayo: Bunge limejaa wanawake, waume wanafua nepi, na serikali inawapokonya akina mama watoto wachanga ikawalee kambini. Watu wakaigombea. Aliyeipiga taipu yote ni bintiye Hester, aliyekuwa akimtunza tangu mama afariki.

"Baba, hao wanawake wako wote mashetani," Hester alimwambia akimpakulia supu. "Umewahi kuongea na hata mmoja?"

"Naishi na wewe. Wanitosha!" Mzee akacheka.

Hakujua kwamba Hester naye alikuwa mmoja wa hao wanawake wanaodai kura.

Jumamosi mzee akaalikwa kusoma ukumbini. Hester akakaa nyuma. Baba alikuwa na sauti, jamani. Alipofika pale mama anapopokonywa mtoto, wanaume walipiga sakafu kwa mabuti. Hester akasimama.

"Bwana Pellow! Leo hii, kisheria, mtoto ni wa baba. Sasa anayempokonya mama ni nani?"

Ukumbi ukalipuka.

"Nenda kapike!"

"Huyo kakosa mume, ndiyo maana!"

"Mtoeni!"

Wakamkamata nywele, wakamburura hadi mlangoni. Juu ya vichwa vyao alimwona baba, na baba alimwona. Mwenyekiti akamwinamia mzee, akauliza, "Unamfahamu?"

Baba akatikisa kichwa kukataa. Akafungua ukurasa uliofuata.

Hester alitupwa chini kwenye ngazi za mawe, nyonga ikavunjika. Wanawake wa kiwandani ndio waliombeba.

Siku ya tatu baba akaja hospitali na machungwa, macho mekundu.

"Ningesema nini, mwanangu, mbele za watu wale?"

"Ungesema jina langu, baba."

Mzee akalia. Hester alimwacha alie. Hakuwa na la kumpa. Alipotoka hospitali, akitembea kwa mkongojo, alikwenda kuishi kwa mfumaji mmoja mjane.

Kitabu kikachapwa tena mwaka uliofuata. Ndani yake Bwana Pellow alikuwa ameongeza binti anayemsaliti babake.