Nepi za Moshi

…na akiulizwa mbona nepi zimekuwa rangi ya chai atasema nini, atasema moshi, na huyo Esnah atamgeukia Memsahib aliyeketi nyuma yake na mkasi, alitamke neno moshi kwa namna yake, moshi kama uchafu, moshi kama uvivu, kwa hiyo hapana, asiseme moshi, asiseme lolote, atoe zile nyeupe alizoazima kwa Mokeira, zilizo juu kikapuni, sita, zimekunjwa mara nne nne, azinyooshe kwa mikono miwili, apokee sita mpya na kipande cha sabuni, aseme asante na ashuke ngazi, basi… "Mwingine!" alisema Esnah mezani bila kuinua uso, na mstari wa akina mama ukasogea hatua moja kwenye baraza la zahanati ya Ekerenyo, naye Bonareri akasogea nao, mwanawe Nyasani amelala mgongoni, maji ya mvua yanadondoka kutoka ukingo wa mabati palepale yalipokuwa yakidondoka tangu asubuhi, na mbele yake wamebaki wawili tu, mwanamke mmoja mfupi asiyemjua, kisha Nyangate wa ng'ambo ya mto, mwenye shingo nyembamba, na baada ya Nyangate ni yeye. Nyasani ana miezi minne, na wiki tatu mvua haijakatika, ngozi ya mapaja yake imebanduka kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi, usiku akikojoa analia kilio kile cha kukatika, si cha njaa, kila mama anakijua, na mama mkwe anasema mambo ya nepi ni ya wazungu, Ondieki mwenyewe, mume wa Bonareri, alikalishwa juu ya jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika na sasa ni mwanamume mzima anachuma chai ya watu Kericho, lakini mama mkwe hakusema ni watoto wangapi walikalishwa juu ya jani la mgomba na hawakufika kuwa wanaume wazima, yeye Bonareri anawajua kwa majina, watatu, ameonyeshwa walipozikwa, nyuma ya zizi, kwa hiyo atazipata nepi hizi, atazipata hata kama ni kwa uongo, na sabuni ataipata. Mtazame Esnah alivyokaa. Kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma kama cha muuguzi na yeye si muuguzi, ni mke wa mwalimu, kazi yake hapa ni kuwa mdomo wa Memsahib, maana Memsahib ndiye anayeletewa mashuka ya zamani kutoka kwa rafiki zake wa Ulaya, anayakata vipande, anayapiga pindo kwa cherehani yake mwenyewe, hilo haki yake tumpe, mkono wake ni mzuri, lakini Kiswahili chake ni cha kumwagizia mpishi, na Kigusii hana hata neno, basi anayesema ni Esnah na anayesikia ni Esnah, na sheria ikatoka kwa Esnah, au ilitoka kwa Memsahib ikapita kwa Esnah, nani atajua, kwamba mwenye kutaka sita mpya alete kwanza zile sita za mwezi uliopita zionekane kuwa ni nyeupe, na nyeupe maana yake zimefuliwa na kuanikwa nje, kwenye waya, juani, mahali pa kuonekana na kila mtu. "Waya hauna gharama," alisema Esnah siku ile, kwa Kigusii safi, akitutazama kama kuku walioingia kanisani, "jua ni la bure, uchafu wenu ndio mnaoulipia." Waya hauna gharama! Asubuhi ile ya kwanza Bonareri alianika zote sita kati ya nguzo ya ghala na mti wa mwiba, zikang'aa, alisimama akazitazama kama mtu anayetazama shamba lake la pareto likichanua, na mzee Onchiri, baba mkwe wake, akatoka nyumbani mwake kwenda kufungulia mbuzi, akainua macho, akaziona, akageuka… mzee wa watu, aligeuka tu akaenda akasimama nyuma ya ghala, uso kwenye ukuta, fimbo mkononi, na pale alibaki mpaka jua likawa utosini, mbuzi wanalia zizini, kwa sababu njia ya zizi inapita chini ya waya, na vitambaa vile vimefunika uchi, vimefuliwa na mkono wa mke wa mwanawe, na ukivitazama kwa mbali havina tofauti hata kidogo na vile ambavyo mwanamke hufua gizani na kukausha chini ya kitanda, mkwe apite vipi chini yake, hizo ni chinsoni, ndiyo haya yenyewe iliyosimama kati ya mkwe na mkwe, asiyezijua ni mtoto au ni mgeni, na jioni akamtuma mama mkwe aje na maneno machache, "Mwambie mwali bendera zake zimenifungia njia." Bendera zake. Bonareri alitaka ardhi ipasuke. Hakufokewa, afadhali angefokewa, na tangu siku hiyo zinakauka juu ya dari, juu ya mafiga, ndani, penye moshi wa kuni mbichi, zinakauka vizuri sana, zinakauka kuliko za mtu yeyote, ila zimeshika rangi, na haidhuru afue mara ngapi, moshi ukishaingia kwenye pamba umeolewa humo. Na Esnah anajua! Hapo ndipo moyo wa Bonareri unapochemka, angekuwa mgeni, angekuwa Memsahib, tungesema hajui, lakini huyu alizaliwa kilima cha pili kutoka hapa, mama yake alikuwa akijificha kichakani baba mkwe akipita, anajua, ila anaishi nyumba ya shule, ya mabati, baba mkwe wake yuko Nyakoe na hajawahi kukanyaga ua ule, basi waya wake unameremeta mwaka mzima na anauita usafi. Si usafi, ni umbali! Mpelekeni Nyakoe mwezi mmoja tu aanike mbele ya mzee wake tuone zitakuwa na rangi gani. Na mapazia yale ya dirishani kwake, meupe, yenye mstari wa buluu pembeni kama shuka za Ulaya… hapana, hilo Bonareri hakuliona kwa karibu, alikuwa njiani na jua lilimpiga machoni, asimzulie mtu, ana ya kutosha ya kweli.

"Mwingine!" Yule mfupi amepita, amepata zake, anashuka ngazi amekumbatia fungu lake kifuani, na Nyangate yuko mezani, mikono mitupu, Mungu wangu, mikono mitupu kabisa, hana hata moja ya kuonyesha, na Esnah anamuuliza kwa Kigusii, "Ziko wapi?" na Nyangate anajibu polepole kwamba baba ndiye aliyekuwa na haja nazo zaidi, baba amelala tangu mwezi wa pili, upande mmoja umekufa, hawezi kujiinua, na watoto wote wa nyumba ile ni wa kiume isipokuwa yeye, na mwana wa kiume hawezi kumfunika baba, kwa hiyo alizipeleka kwao akamfunga nazo… na Bonareri anasikiliza kwa Kigusii, ambako baba ni mama, aliyekuzaa, na mzazi wa kiume ni tata, hakuna asiyejua hivyo kuanzia hapa mpaka Mosocho, na moyo unamlegea, mama wa Nyangate, yule aliyekuwa akipita na vyungu kichwani, viwili, na mikono haivishiki… lakini Memsahib amelidaka neno moja, lile analolijua, ameinua nyusi, "Baba? Nasema baba? Baba navaa nepi?" na hapa, hapa hapa, Esnah alikuwa na nafasi, pumzi moja, ya kusema Memsahib, kwa lugha yetu baba ni mama, maneno mangapi hayo, akaitazama kalamu yake, akasema, "Ndiyo, Memsahib. Anasema baba." Na Memsahib akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeona jambo la kuchekesha, "Baba mkubwa navaa nepi!" na wanaojua Kiswahili kidogo wakacheka, na wasiojua wakacheka kwa kuwa Memsahib amecheka, na mama mmoja nyuma akasema, "Akue haraka baba huyo, aanze kutambaa," na baraza lote likaangua kicheko, na Nyangate amesimama katikati ya kicheko hicho anatazama nyuso moja moja, hajui amesema nini, alisema mama yake anakufa. "Nepi ni ya toto," alisema Memsahib akipangusa macho. "Hapana baba. Ende, mama." Na Esnah, kwa Kigusii, upesi, "Zimekwisha zako. Nenda." Na Nyangate akashuka ngazi mikono mitupu kama alivyokuja, akasimama chini penye ukingo wa mabati, maji yanamwangukia begani, hasogei, kana kwamba kuna mtu atamwita tena. Na Bonareri akagundua kwamba mdomo wake yeye mwenyewe bado uko wazi, meno nje. Alikuwa amecheka. Si sana, lakini alicheka, alikuwa na lugha zote mbili kichwani, alijua kabla ya wote, na alicheka ili Esnah amwone akicheka, kwa sababu zamu yake ndiyo inayofuata. Kiswahili alikipata mjini Kisii, mwaka ule nzige walipomaliza wimbi lote shambani, baba yake, yaani tata, akampeleka kulea mtoto kwa Kaltuma, mke wa Dahir mwenye duka la nguo, miaka miwili, na siku za kwanza hakujua hata kuitikia, Kaltuma alimuuliza, "Baba yako yuko wapi?" akasema yuko nyumbani ananyonyesha, na Kaltuma akacheka mpaka akaketi chini, lakini alipokwisha kucheka aliuliza, hilo ndilo, alijifuta uso akauliza, "Ngoja, binti, kwenu baba ni nani?" na akangoja jibu, na kuanzia hapo kila mgeni akija dukani anamwambia, "Huyu kwao baba ananyonyesha, msimcheke, sisi ndio hatujui." Na nepi hakuziita nepi, aliziita mawinda, na mvua zikizidi aliyatandika ndani juu ya jiko la mkaa, yakatoka na rangi kama ya samli, na Bonareri aliposikitika kuyaona, Kaltuma alimpiga kofi dogo la mgongo, "Wewe, makalio yana macho? Hayaulizi rangi, mwanangu. Yanauliza kama limekauka." Makalio hayana macho… miaka hii yote alikuwa nalo neno hilo na leo amekuja na kikapu chenye nepi za kuazima juu na zake za moshi chini, kando ya viazi, alipita kilima asubuhi kwenda kwa Mokeira ambaye baba mkwe wake alishakufa kwa hiyo waya wake hauna wa kumfungia njia, na Mokeira akampa, akisema, "Ukinirudishia na masizi nitakukausha wewe," na wote wawili wakacheka, na lilionekana jambo dogo tu la akili, kwani si nepi hizi, si nyeupe, si sita, uongo uko wapi… na uongo uko palepale alipouweka Esnah, Anasema baba, neno la kweli tupu, kila herufi yake ya kweli, na ndani yake mwanamke mzima amezikwa. Akizitoa hizi nyeupe Memsahib atasema vizuri sana, na Esnah ataandika kwamba waya hauna gharama kweli, tazameni Bonareri ameweza, na mwezi ujao mwingine mwenye mkwe uani atakuja na nepi za moshi na ataambiwa mbona Bonareri aliweza, na chini ya ukingo wa mabati patakuwa na wanawake wawili, watatu, wanalowa. Lakini Nyasani? Mapaja yake? Atasema atakachosema na atafukuzwa, na usiku kilio kile… kilio kile na nepi ngapi, sita zile zile za moshi, kavu, analo hilo, kavu, anaweza kuzifua mara mbili kwa siku, anaweza kumkalisha juu ya jani la mgomba mchana na kumfunga usiku, anaweza, si kwamba hawezi, na kama Memsahib ana masikio mawili, na yule mwanamke anapiga pindo kwa mkono wake mwenyewe, mtu anayepiga pindo la nepi ya mtoto asiyemjua huenda anataka kujua zinakwenda wapi, huenda hataki, Bonareri hajui, ila hajawahi kuulizwa hata siku moja isipokuwa kwa mdomo ule mmoja. Mkono wake umeingia kikapuni bila yeye kuutuma, umezisukuma za Mokeira pembeni kabisa, mbali na viazi, zisije zikachafuka, ni za watu, na umezipandisha zile za moshi, na harufu ikapanda nazo, harufu ya jikoni kwake, ya kuni mbichi, ya mzee Onchiri akipita uani asubuhi kichwa juu kwenda kwa mbuzi wake bila kufungiwa njia na mtu. Neno la chinsoni lina Kiswahili gani, Kaltuma hakumfundisha hilo, atalizunguka, atasema baba mkwe hapiti chini ya nguo, atasema moshi, atalisema mwenyewe kabla halijasemwa kwa niaba yake, lakini si la kwanza hilo, la kwanza si lake, la kwanza ni la yule anayelowa pale chini, na hilo analijua, maneno manne, aliwahi kuyasema akiwa na miaka kumi na miwili katika jiko la mtu mwingine, na mtu hakucheka tena. Maji yanadondoka palepale. Nyasani hajaamka. Nyangate hajaondoka. "Mwingine!" alisema Esnah bila kuinua uso, na Bonareri, ambaye alikuwa bado hajainua mguu, alimpita Esnah kwa macho akamtazama yule aliye nyuma yake mwenye mkasi, na mdomoni maneno yalikuwa yamekwisha kupangana, ya Kiswahili, moja baada ya jingine: Memsahib, kwetu baba ni mama.