Sehemu ya Mwisho Bila Matangazo

Alhamisi jioni, fundi cherehani alifunika mashine yake kwa shuka kuukuu, akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa sebuleni, akasukuma kochi hadi ukutani na kutandika mkeka kwa ajili ya watakaokosa viti. Televisheni ilikuwa imewashwa sauti ikiwa chini, msomaji wa habari akizungumzia bei ya mafuta ya taa. Alikuwa anapanga vikombe mumewe alipoingia kwa mlango wa mbele, akavua viatu vyake kama alivyozoea, kimoja kimesimama na kingine kimelala ubavu, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha pembeni. Mumewe alikuwa kinyozi. Walimzika kabla ya mvua kuanza.

"Bado hawajaanza?" aliuliza.

"Bado," mkewe alisema, akaongeza kikombe kimoja.

Majirani walifika mmoja mmoja wakamkuta ameshakaa. Mama wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima humwita Redio Mbao kwa sababu habari ikimwingia sikio moja humtokea mdomoni kabla ya kulifikia sikio la pili, alimpa mkono, akasema mkono wenyewe wa baridi kidogo, akatafuta pa kukaa. Dada wa marehemu alimtazama kaka yake kuanzia nyayo hadi utosini, akasema amepungua. Fundi umeme, kijana aliyefunga antena ya nyumba ile, alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba na kumwambia nywele zake zimekuwa kichaka.

Walikuja kuangalia tamthilia. Ilikuwa ya bibi harusi aliyesukumwa kisimani siku ya harusi yake, ambaye sasa hutoka kila usiku akichuruzika maji, anazunguka nyumba ya wakwe na kuuliza nani alimsukuma. Msimu wa kwanza ulikuwa umekwisha, wa pili ulikuwa unaanza jioni ile. Mtu aliyeingiza tamthilia hiyo mtaani ni kinyozi mwenyewe. Ukikaa kwenye kiti chake bila kuijua, alikunyoa upande mmoja kwanza, akakusimulia mpaka tamthilia ilipofikia, ndipo akaugeukia upande wa pili. Nyumba yake ilijaa kila Alhamisi, na sheria ya nyumba aliitunga yeye: tamthilia ikianza, hakuna kuinuka, hakuna kuitwa wala kuitika. Chungu kikiungua kiungue. Mwenye shida asubiri matangazo.

Sasa alijiegemeza kwenye kiti chake na kuwaangalia wote.

"Kabla hawajaanza," alisema, "ile sehemu ya mwisho mimi sikuiona. Nani alimsukuma?"

Fundi umeme alifungua mdomo kutaja jina, kinyozi akamzuia kwa kiganja. Hakutaka atupiwe jina kama mfupa. Alitaka asimuliwe tangu mwanzo, kama walivyoiona.

Hapo ndipo sebule ilipokosa msemaji. Fundi umeme alisema jioni ile umeme ulikatika katikati. Dada mtu alisema aliondoka mapema, alikuwa na maharage jikoni. Redio Mbao, ambaye hajawahi kupungukiwa na maneno tangu azaliwe, alisema hakuifuatilia vizuri. Mjane aliinama akiokota uzi mkekani, na uzi wenyewe haukuwepo.

Kinyozi alisema haidhuru, wangemsimulia wiki inayofuata. Akaangalia sehemu ya kwanza ya msimu mpya hadi mwisho, akavaa viatu, akaondoka.

Alirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara aliuliza, na kila mara mtu akapata kikohozi. Watu wakaanza kukaa karibu na mlango. Mjane akawa hatulii kazini. Alishona sare ya wasimamizi wa harusi mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na suruali ya mwalimu akaifunga zipu nyuma. Usingizini alisikia kikombe kinagonga ukuta, akaamka na kuketi, moyo unamwenda mbio. Aliye hai unaweza kumdanganya, naye ana mambo yake, atasahau. Marehemu hana shughuli nyingine.

Jioni moja wifi yake alimfuata jikoni, akarudisha mlango.

"Wewe ndiye mkewe," alisema. "Ukimwambia, mwambie. Ila mimi usinitie."

"Wewe ndiye uliyeshika rimoti, wifi."

"Ndiyo maana nakuomba."

Waliporudi sebuleni, kinyozi alikuwa anawaeleza wageni kwa nini hataki kuliacha jambo hilo. Kule aliko, alisema, wenzake wanapenda hadithi, na jioni ni ndefu. Amewasimulia msimu wote wa kwanza, mzee kwa kijana, hata wale wa makaburi ya zamani wamesogea kusikiliza. Amekwama kwenye sehemu ya mwisho. Wameanza kumwona mwongo. Akamgeukia mkewe.

"Nisaidie, mama. Nasimama mbele ya watu."

Mjane alipunguza sauti ya televisheni hadi ikaisha. Akakaa kwenye ukingo wa kiti cha cherehani. Alisema sehemu ile ilianza na mvua, bibi harusi amekaa juu ya mdomo wa kisima, anajikamua nywele.

"Hapo mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani," kinyozi alisema. "Kifua kinanibana kama nimekaliwa na mtu mnene. Nikasema nijilaze, nitatoka matangazo yakianza."

Mjane alisema mama mkwe aliwasha taa, akaenda dirishani, akauliza nani yuko nje.

"Hapo niliita mara ya kwanza."

"Ndiyo."

"Ukasema nisubiri matangazo."

"Nilisema hivyo."

Ila hayakuwepo matangazo. Kituo kilikuwa kimejisifu wiki nzima kwamba sehemu ya mwisho itaonyeshwa bila kukatizwa, zawadi kwa watazamaji wake wapendwa. Mjane alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, walikuwa wameshangilia tangazo hilo pamoja na kinyozi mwenyewe. Hata hivyo alikaa pale anayasubiri, nusu amekaa, nusu ameinuka, kama mtu anayengoja mvua ipungue, na picha ikaenda, na ikaenda.

Aliendelea. Bibi harusi aliingia ndani, akafuata ukumbi, maji yakimfuata.

"Niliita tena."

"Hapo sauti ilipanda," mjane alisema.

Kinyozi alimtazama dada yake. Dada mtu alikuwa anahesabu maua ya pazia.

Halafu bibi harusi aligonga mlango wa chumba cha mumewe, mjane akasema, mara tatu, taratibu.

"Huyo nilikuwa mimi," kinyozi alisema. "Nilikuwa nagonga ukuta kwa kikombe."

Fundi umeme aliinamisha kichwa. Alikuwa amewaambia wenzake jioni ile kwamba siku hizi wanarekodi vizuri, utadhani mtu anagonga humu ndani. Pikipiki yake ilikuwa mlangoni, imejaa mafuta, na hospitali iko nyuma tu ya soko.

"Nilikusikia," mjane alisema. "Mara zote nilikusikia. Na kikombe nilikijua ni kikombe."

"Najua," kinyozi alisema. "Endelea."

Alitaka kunyamaza, ila alikuwa ameombwa. Akaendelea. Bibi harusi alisimama katikati ya chumba, wakwe wote wamejibanza ukutani. Akasema sasa nimekumbuka, nitamtaja.

"Hapo sikuita tena," kinyozi alisema. "Nilizuia pumzi nisikie jina. Kwa kweli nilikuwa nimebakiwa nayo kidogo, nikaitunza. Mara Redio Mbao akapiga makofi, nyote mkapiga kelele, jina likanipita. Alikuwa nani?"

"Muuza mkaa."

Kinyozi alifikiri.

"Muuza mkaa yupi?"

"Yule wa sehemu ya tatu. Alileta gunia, akalipwa, akaondoka."

"Alionekana mara moja tu."

"Mara moja."

"Kwa nini alimsukuma?"

"Hawakusema."

Kinyozi aliweka mikono magotini. Uso wake ulishuka kama wa mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akafungiwa dirisha usoni. Mwisho akasema wametuonea. Msimu mzima mtu unamshuku mama mkwe, unamshuku somo aliyemfunda bibi harusi, unakesha unapima, halafu wanakuletea muuza mkaa. Akasema hajui atawaambia nini wenzake.

Mjane alingoja. Aliona yatafuata maswali mengine, ya pikipiki, ya soko, ya muda waliokaa baada ya tamthilia kwisha wakibishana kuhusu huyo muuza mkaa kabla mtu hajakumbuka kufungua mlango wa chumbani. Alikuwa ameyaandalia majibu, ya kweli. Kinyozi aliuliza kama chai imebaki.

Basi sebule ikapumua. Fundi umeme akasema yeye tangu mwanzo hakumwamini yule mama mkwe na bado hamwamini. Redio Mbao akasema muuza mkaa alikuwa na macho ya wizi, yeye alimwona. Dada mtu akacheka hadi akashika ubavu. Walibishana kwa raha, kinyozi katikati yao akipunga kikombe, kama zamani. Mjane peke yake alibaki amesimama na birika, na hakuna aliyemwambia akae.

Baada ya hapo kinyozi aliendelea kuja kila Alhamisi, na watu wakaacha kukaa karibu na mlango. Mambo yakazoeleka. Mwezi mmoja hivi ukapita, akaja mgeni, binti aliyeolewa nyumba ya tatu. Alikuwa na adabu zake. Alisalimia wakubwa, akampa kinyozi mkono, kisha akamsogelea mjane kumpa pole, kwa kuwa hakuwepo wakati wa msiba. Akauliza mzee aliumwa nini.

Watu wote walimtazama mjane, kisha wakatazama vikombe vyao.

"Hakuumwa, mwanangu," Redio Mbao aliwahi. "Alijilaza tu, akapitiwa na usingizi, ndio huo. Alikwenda kwa amani, wala hakumsumbua mtu."

Dada wa marehemu alisema ni kweli, kaka yake alikuwa mtu wa hivyo. Fundi umeme alitikisa kichwa kukubali. Binti alisema Mungu amlaze pema, akageuka kwa mjane kusikia neno lake.

Mjane alimtazama mumewe. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, mwanga wa buluu wa televisheni ukimpitia begani na kuangukia ukuta wa nyuma yake.

"Hakuita mtu," mjane alisema.

Kinyozi, bila kugeuka, aliinua kidole kuwaomba wapunguze sauti, maana muziki wa mwanzo ulikuwa umeshaanza. Mjane akamwinamia mgeni sikioni, akarudia kwa kunong'ona, ili asikie vizuri, kwamba hakuita mtu.